Sura ya Saba: Kabla ya Kupiga Window

Peleka kompyuta kwa fundi, mwambie "imekuwa nzito", na jibu utalipata kabla hajainua kifuniko: "Tupige window tu, bosi." Kuanzia Kariakoo hadi Luthuli Avenue hakuna dawa iliyozoeleka kuliko hiyo ya kufuta Windows yote na kuipakia upya. Ina sababu zake. Fundi anaijua kwa moyo, kazi inajiendesha yenyewe huku akimhudumia mteja mwingine, na mashine ikirudi nyumbani huwa nyepesi kweli, wiki ya kwanza. Baadaye uzito unarudi, kwa kuwa mara nyingi window haikuwa na kosa. Kilichougua ni diski, au feni iliyojaa vumbi, au RAM iliyozidiwa, na kuipigia window mashine ya namna hiyo ni kumvisha mgonjwa wa malaria shati jipya.

Sipingi kupiga window. Nitafika huko mwishoni mwa sura. Ninachopinga ni kuanzia huko, wakati kompyuta ina vipimo ndani yake, vya bure, ambavyo yeyote anayejua kusoma namba anaweza kuvitumia.

Kipimo cha kwanza kinafunguka kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ni Task Manager. Aliyeiandika, Dave Plummer, alikuwa mhandisi wa Microsoft miaka ya 1990, na aliijenga iwe ndogo na sugu ili iitike hata pale vingine vyote vimeganda. Wengi huifungua kuua programu iliyogoma, kisha wanaifunga. Wewe iache wazi. Washa mashine asubuhi, ifungue, halafu endelea na kivinjari na faili zako za Word kama kawaida, jicho likiwa kwenye safu nne za juu: CPU, Memory, Disk na Network.

Kwenye mashine nyingi za majumbani zenye umri wake, picha huwa hii. CPU iko asilimia 15. Memory iko asilimia 60. Disk imegota asilimia 100 na haishuki. Sasa nenda ukurasa wa Performance, chagua diski, usome maandishi madogo ya chini: kasi ya kusoma na kuandika, na muda wa wastani wa kujibu. Utashangaa. Diski inayodai iko asilimia 100 inasoma megabaiti moja au mbili tu kwa sekunde, na kila ombi linasubiri mamia ya milisekunde. Imeelemewa, na wakati huohuo hakuna kazi kubwa inayofanyika.

Ukijua ndani kuna nini, fumbo hilo linafumbuka. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka, mara 5,400 kwa dakika katika laptopu nyingi, na mkono mwembamba unaokimbia huku na huko juu yake kutafuta data. Windows ikiwaka haisomi faili moja kubwa lililonyooka. Inasoma maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na mkono ule ukijitahidi sana hufikia vipande mia hivi kwa sekunde. SSD haina sahani wala mkono. Inahudumia makumi ya maelfu. Ndiyo maana laptopu ya mwaka 2013 iliyowekewa SSD inaweza kuwa tayari kwa kazi wakati ya mwaka 2018 yenye diski ya sahani bado inahangaika kuonyesha eneo kazi. Ukiniuliza fedha yako ya matengenezo uanzie wapi kuitumia, jibu langu ni hapo.

Ila kabla hujatoa pochi, angalia tena safu ya Memory. Ikiwa imekaa juu ya asilimia 90, RAM imejaa, na Windows inalazimika kuhamishia sehemu ya kazi zake kwenye diski na kuzirudisha kila zinapohitajika. Hapo diski imesingiziwa. Mashine ya GB 4 yenye kivinjari cha kurasa ishirini hufika huko haraka. GB 8 zinatosha nyumba nyingi. Na kabla ya hata hiyo RAM, kuna orodha ya Startup humohumo kwenye Task Manager, ambako utakuta programu zilizojipa ruhusa ya kuamka na mashine kila siku: ya printa uliyoiuza, ya simu uliyopoteza, michezo ya watoto. Kuzizuia huko hakuzifuti. Zitafunguka siku utakapozihitaji.

Diski ya polepole ni tofauti na diski inayokufa, na hapa ndipo papara inapogharimu. Inayokufa hutoa dalili: mlio wa tiki-tiki usiokuwepo zamani, folda inayochukua dakika nzima kufunguka, faili lililokuwa zima juzi na leo halisomeki. Diski hujiwekea kumbukumbu ya afya yake, na programu ya bure kama CrystalDiskInfo inaisoma na kuionyesha kwa rangi. Tazama mistari yenye namba 05 na C5, yaani sehemu za diski zilizokwisha kuhamishwa kwa ubovu na zile zinazosubiri uamuzi. Zikiwa na thamani zaidi ya sifuri na zinapanda, kazi yako ni moja tu: nakili mafaili yako mahali pengine sasa hivi, ukianza na yasiyopatikana tena, picha za harusi kabla ya filamu. Usiendeshe chkdsk kwanza, kwa kuwa ukiiagiza ikague sehemu zote italazimisha diski iliyochoka kusomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na usiruhusu mtu apige window juu yake. Atafuta data nzima na kuandika mfumo mpya kwenye ubao unaooza.

Turudi Performance, safari hii chini ya CPU. Kuna namba imeandikwa Up time, muda tangu mashine iwake. Mwenye kompyuta anaapa kwamba anaizima kila usiku. Namba inasema siku 23. Wote wawili hawajadanganya. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kubonyeza Shut down hufunga programu zako, lakini kiini cha mfumo pamoja na draiva zake huhifadhiwa kwenye diski kama kilivyo na kurudishwa kesho yake, ili mashine iwake upesi. Mpango huo unaitwa Fast startup. Uzuri wake ni kasi. Ubaya wake ni kwamba draiva ya Wi-Fi iliyochanganyikiwa Jumatatu inaamka na uchanganyiko wake Jumanne. Anayeanza ukurasa mpya kabisa ni Restart. Kwa hiyo printa ikigoma, sauti ikipotea au Wi-Fi isipoonekana, kuzima na kuwasha hakutoshi. Chagua Restart, kisha ndipo uanze kulalamika.

Mashine zetu nyingi ni mtumba, zilizotumika miaka kadhaa maofisini Ulaya au Ghuba kabla ya kushuka hapa. Sioni ubaya wowote. OptiPlex au ThinkPad iliyotunzwa ina chuma kizuri kuliko laptopu mpya ya bei rahisi. Lakini mtumba huja na maradhi ya uzee, na mojawapo huwapotosha watu kuliko yote. Unawasha kompyuta ya mezani baada ya umeme kukatika usiku, na kila tovuti unayofungua kivinjari kinakataa, kikionya kwamba muunganisho si salama. Barua pepe haifunguki, benki haifunguki. Mtu ananunua bando jingine, analaumu mtandao, mwingine anasema ni virusi. Tazama pembe ya chini kulia ya skrini: saa inasema ni Januari ya miaka kumi iliyopita. Kila tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa mujibu wa saa ya mashine yako cheti hicho bado hakijazaliwa. Kivinjari kinafanya kazi yake sawasawa. Kilichokufa ni betri ndogo ya duara kwenye ubao mama, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa wakati mashine haina umeme, na inauzwa hata kwa mafundi saa. Chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, bana kishikizo kidogo pembeni ili betri iruke, weka mpya upande wenye maandishi ukitazama juu, washa, rekebisha tarehe. Tovuti zote zitarudi kwa pamoja.

Umeme wenyewe unahitaji maneno machache. Stablaiza husawazisha volti, haitunzi umeme, na ekstensheni yenye taa nyekundu haifanyi hata hilo. Kompyuta ya mezani inataka UPS, si ili uendelee na kazi gizani bali upate dakika za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Laptopu ina UPS yake tumboni, ile betri, mradi haijafa. Umeme ukikatika chomoa, na ukirudi usikimbilie kuchomeka. Mpe jirani na friji lake nafasi kwanza.

Joto nalo lina sahihi yake. Mashine inayozimika ghafla bila ujumbe wowote, hasa mtoto akiwa kwenye mchezo au mkutano wa video ukiwa umeshika kasi, ina tatizo la joto au la umeme. Kabla ya kuzimika hupunguza mwendo: prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na wewe unaona uzito tu. Laptopu inayotumiwa juu ya godoro huziba matundu yake ya chini, na sufi ya godoro ikichanganyika na vumbi hufanya kitu kama kitambaa mbele ya feni. Brashi laini na hewa ya blowa vinatosha, lakini zuia mapanga ya feni kwa kijiti yasizunguke unapopuliza. Mashine yenye miaka sita au saba huenda pia dawa ya kijivu iliyo kati ya prosesa na kipoza joto imekauka. Hiyo mwachie fundi, na huyo fundi mlipe vizuri.

Virusi havitaki kusahauliwa, ingawa havilaumiwi kwa haki. Tangu Windows 8, antivairasi ya Microsoft yenyewe imo ndani na inatosha mtumiaji wa kawaida, mradi isizimwe. Na anayeizima ni nani? Mara nyingi ni fundi aliyeweka kraki ili Windows au Office isidai leseni, kwa kuwa kraki haikubali kuishi na antivairasi. Umeilipia window mpya, ukapewa na mlango usio na komeo.

Mlango mwingine ni steshenari. Mama anaingia kuchapisha fomu za shule, anachomeka flashi, kila folda imegeuka alama yenye mshale na ukubwa wa kilobaiti mbili.

"Kaka, flashi imekula kazi zangu zote."

"Pole, dada. Tuifomati?"

Hapana. Kazi zipo. Kirusi cha aina hii huyapa mafaili halisi sifa ya kufichwa na kuweka njia za mkato za bandia mahali pake, ili ukibofya uwe umekiamsha chenyewe. Nenda kwenye mashine safi, ikague flashi kwa antivairasi, kisha fungua Command Prompt na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako. Folda zitaibuka. Zinakili, ufute zile njia za mkato, ndipo ufomati ukitaka.

Masasisho ya Windows yana sifa mbaya kwetu kwa sababu moja ya haki: yanakula bando. Dawa si kuyaua, kama wanavyofanya wengi kwa programu za kuzima Windows Update. Fungua sifa za Wi-Fi yako, uiweke kuwa Metered, na Windows itaacha kushusha vitu vizito hadi utakapokuwa kwenye mtandao wa ofisini au wa rafiki. Kisha ingia Delivery Optimization ukazime ruhusa ya kugawia kompyuta nyingine za intaneti masasisho uliyoshusha, maana hiyo ni kuwanunulia wengine bando. Kwa nini usiyaue? WannaCry ilipolipuka tarehe 12 Mei 2017 na kufungia watu mafaili katika nchi zipatazo 150, ufa iliopitia ulikuwa umezibwa na Microsoft tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Karibu miezi miwili kinga ilikuwapo.

Hili linagusa pia ununuzi. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, ukabaki mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Windows 11 nayo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa jumla prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele. Muuzaji atakuambia "i5 hii, mzee", kana kwamba i5 zote ni moja. Soma namba inayofuata: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U cha nane, i5-10210U cha kumi. Mashine mbili zinafanana kwenye meza ya duka kama mapacha, na moja tu ndiyo Windows 11 itaipokea bila hila.

Programu za "kusafisha" kompyuta na rejista yake zipishe. Windows hujipangia diski yenyewe kila wiki, na mafaili ya muda yana Storage Sense ndani ya mipangilio. Mwaka 2017 wadukuzi walipenyeza msimbo wao ndani ya toleo halali la CCleaner, mojawapo ya wasafishaji maarufu kuliko wote, na watu zaidi ya milioni mbili wakaipakua kwa mikono yao. Na dirisha lolote linalopiga king'ora na kukupa namba ya simu ya "fundi wa Microsoft" ni la matapeli. Ujumbe wa hitilafu wa kweli wa Microsoft hauna namba ya simu.

Ipo pia skrini ya bluu, ambayo katika Windows 11 ya karibuni imekuwa nyeusi. Tarehe 19 Julai 2024 ilijitokeza kwenye mashine takriban milioni 8.5 duniani, na viwanja vya ndege vikarudi kuandika tiketi kwa kalamu. Windows haikuwa imeharibika. Kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilikuwa imesambaza faili moja bovu, na tiba ilikuwa kuingia Safe Mode na kulifuta. Ya nyumbani mara nyingi ni ya ukoo huohuo: draiva mpya, au kifaa kilichochomekwa juzi, au RAM iliyolegea, ambayo mafundi huichomoa, wakaifuta miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli na kuirudisha, na kwa kweli husaidia. Kujua ni ipi, andika reliability kwenye kisanduku cha kutafutia ufungue Reliability Monitor. Utaona kalenda, siku baada ya siku, yenye alama nyekundu kila kitu kilipoanguka, na chini yake kilichowekwa siku hiyo. Ukiona alama zilianza Jumamosi ileile iliyowekwa draiva ya kadi ya picha, umepata wa kumhoji. Usiichanganye na Event Viewer, ambayo hata kwenye mashine nzima kabisa imejaa makosa mekundu, na matapeli wa simu huwafungulia watu makusudi ili kuwatisha.

Mfumo wenyewe ukishukiwa, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ngoja imalize, kisha sfc /scannow. Ya kwanza inatengeneza ghala la vipuri, ya pili inachukua vipuri humo kubadilisha vilivyoharibika. Amri ya kwanza inaweza kuhitaji intaneti.

Yote hayo yakishindikana, au mashine ikiwa imeingiliwa na virusi kiasi kwamba huiamini tena, sasa tupige window. Lakini kwa mpangilio. Nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, na yale machache yasiyopatikana tena yawe pia mtandaoni. Google Drive inatoa GB 15 bure, OneDrive GB 5. Angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kwani laptopu nyingi za Windows 11 huifunga zenyewe, na bila ufunguo wake wa tarakimu 48, ambao kwa kawaida umo kwenye akaunti yako ya Microsoft, fundi akigusa mipangilio ya ubao mama utakuwa umejifungia nje. Mashine iliyokuja na Windows halali inatambuliwa kwa ubao wake, hivyo ukiweka toleo lilelile leseni hurudi yenyewe ikipata intaneti. Huhitaji kraki ya mtu. Chagua Reset this PC pamoja na Local reinstall, maana Cloud download inaweza kula zaidi ya GB 4 za bando. Kama mfumo wa ndani umeoza, tengeneza flashi ya GB 8 kwa Media Creation Tool kwenye kompyuta ya mtu unayemwamini. Na kwenye flashi ya pili weka draiva ya Wi-Fi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu yako, maana window mpya isiyoitambua kadi yako ya Wi-Fi haiwezi kuingia mtandaoni kuitafuta.